Miguu Miwili, Namba Mbili

Mtu anapoingia dukani kununua viatu, muuzaji humwuliza swali moja tu: "Unavaa namba ngapi?" Naye hujibu kwa namba moja. Huishi na namba hiyo kama aishivyo na jina lake, wala haimpitikii kwamba amejibu kwa niaba ya mguu mmoja na kuusahau wa pili. Kumbe miguu, ingawa imezaliwa siku moja na hutembea njia moja, ni nadra kulingana sawasawa. Kwa watu walio wengi tofauti ni ya milimita chache, nao hawaihisi. Kwa wengine hufikia nusu namba au namba nzima. Tena wako wachache ambao mguu wao mmoja umepungua kwa namba mbili au zaidi, ama kwa kuzaliwa hivyo, ama kwa polio, ama kwa kuvunjika mfupa utotoni. Vidole vitano havilingani, wahenga walikwisha kusema. Basi hapana ajabu nyayo mbili zisipolingana.

Kwa mtu wa kuketi ofisini, kiatu kisichomkaa vizuri ni usumbufu mdogo, kwa maana aweza kukivua chini ya meza. Kwa askari wa doria ni jambo zito zaidi. Na kwa mwendesha baiskeli wa mashindano ni zito kupita yote, kwa kuwa mguu wake umenaswa kwenye pedali na hauna ruhusa ya kuhama. Mwendeshaji azungushaye pedali mara 80 kwa dakika huwa amezungusha mara 4,800 kwa saa moja. Kosa la milimita tano likirudiwa mara 4,800 si kosa dogo tena.

Mambo haya yalijulikana kwa njia ya machungu katika nyumba moja ya kambi ya polisi mjini Kampala, nyumba ya koplo mmoja, mkewe na watoto wao wanne.

Mtoto wa tatu

Mtoto wao wa tatu, ambaye ni binti, alizaliwa na mguu wa kulia uliopinda kuelekea ndani, hata unyayo ukawa unautazama mguu wa pili. Hali hiyo humpata mtoto mmoja hivi katika kila watoto elfu wanaozaliwa. Haitokani na kosa la mama wala laana ya ukoo. Zamani wengi wa watoto hao walikua wakikanyagia ubavu wa mguu, na wengine walifichwa ndani wageni walipofika.

Binti huyu alizaliwa wakati ambapo hospitali za Uganda zilikuwa zimekwisha kuanza kutumia njia ya Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyewahi kuwa tabibu wa jeshi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, kisha akahamia Marekani na kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa mpaka uzeeni. Njia hiyo haihitaji upasuaji mkubwa. Mguu wa mtoto mchanga hunyoshwa polepole kwa mkono, kisha hufungwa plasta ngumu. Baada ya wiki moja plasta hutolewa, mguu husogezwa tena kidogo, na plasta nyingine hufungwa. Na hivyo hivyo kwa wiki tano au sita. Mara nyingi ukano wa kisigino hukatwa kidogo ili kisigino kipate kushuka. Halafu mtoto huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau wa chuma. Kwa miezi mitatu ya kwanza huvivaa karibu usiku na mchana, kisha huvivaa wakati wa kulala tu, hadi afikie umri wa miaka minne hivi.

Viatu hivyo vya upau vina habari ambayo watu wa Uganda wana haki ya kujivunia. Vile vilivyotengenezwa ng'ambo vilikuwa ghali mno kwa mzazi wa kawaida. Michiel Steenbeek, aliyefanya kazi Katalemwa Cheshire Home, Kampala, akabuni aina ambayo fundi wa kawaida wa viatu na fundi wa kuunga chuma waweza kuitengeneza, kwa ngozi na vyuma vinavyopatikana humu nchini. Viatu hivyo vinaitwa kwa jina lake, navyo vimeigwa katika nchi nyingi nyingine.

Mama wa binti alivifunga viatu vile kila usiku kwa miaka minne, mtoto akilia na majirani wakigonga ukuta. Mguu ukanyoka. Mtoto akatembea, akakimbia, akaruka kamba pamoja na wenzake uwanjani. Walakini mguu uliotibiwa kwa njia hiyo kwa kawaida hubaki mdogo kidogo kuliko mwenziwe, na shavu lake hubaki jembamba maisha yote. Binti alipotimiza miaka kumi na sita, mguu wake wa kushoto ulikuwa na urefu wa sentimita 24.5, na wa kulia sentimita 23. Wa kushoto ulihitaji kiatu namba 39, wa kulia namba 37.

Hapo mama akafanya lile ambalo mama wengi wangalifanya. Aliununulia mguu mkubwa, na ule mdogo akaufichia tofauti yake kwa pamba iliyoshindiliwa kwenye ncha ya kiatu. Akamvisha binti soksi ndefu hadi magotini, mguu wa kulia soksi mbili, hata siku za jua kali. Akamwambia, "Wenzio hawana haja ya kujua." Siri hiyo ikawa kama chombo cha nyumbani: kila mtu alijua kilipo, na hakuna aliyekigusa.

Baiskeli ya mjomba

Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kuanzia tarehe 21 hadi 28. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Televisheni ya kantini ya kambi ilizungukwa na askari, wake zao na watoto. Nao wakaona vilima vya nchi jirani, vinavyofanana kabisa na vilima vyao, vikipandwa na wanawake waliotoka pande zote za dunia. Binti wa koplo hakuondoka mbele ya televisheni ile mpaka ilipozimwa.

Mjomba wake ni fundi wa baiskeli. Alikuwa na baiskeli kuukuu ya mashindano, nyepesi, iliyofika katika shehena ya vitu vilivyotumika. Akaitengeneza akampa. Asubuhi za likizo, kabla teksi hazijajaa barabarani, binti alionekana kwenye barabara ya Gayaza akipanda na kushuka. Vijana wa klabu moja walipomwona anawafuata kilimani bila kuachwa, walimkaribisha katika mazoezi yao ya Jumamosi. Wakati akiwa juu ya baiskeli hakuna aliyeweza kumtambua kuwa ana mguu mdogo. Ndivyo alivyomwambia mama yake, na mama akafurahi kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya mbio zenyewe.

Pedali za baiskeli ile zilikuwa za kunasa. Yafaa ieleweke jinsi zinavyofanya kazi. Chini ya kiatu hufungwa kipande kidogo kiitwacho kliti, nacho hubana kwenye pedali kama kitasa kinavyobana kwenye fremu ya mlango. Kampuni ya Kifaransa ya Look iliichukua kanuni hiyo kutoka katika viatu vya kutelezea juu ya theluji, ikatoa pedali zake mwaka 1984; na mwaka 1985 Mfaransa Bernard Hinault akashinda mbio za Tour de France akizitumia. Mwaka 1990 kampuni ya Kijapani ya Shimano ikatoa aina ndogo ya chuma, inayofungwa kwa skrubu mbili ndani ya shimo la soli, ili mtu aweze pia kutembea. Faida yake ni kwamba mguu hautelezi na nguvu haipotei. Ili kujinasua, mwendeshaji huzungusha kisigino kwenda nje, na kiatu huachia mara moja.

Kiatu huachia, ilimradi kisigino na kiatu viende pamoja. Binti alikuwa amenunuliwa sokoni viatu vya baiskeli vilivyotumika, jozi ya namba 39, na kile cha kulia kikajazwa pamba kama kawaida. Jumamosi moja mwishoni mwa mwaka huo, alipofika kwenye njia panda, teksi mbele yake ilisimama ghafula. Akafunga breki, akazungusha kisigino cha kulia ili aweke mguu chini. Kisigino kikazunguka, lakini kilizunguka ndani ya kiatu. Kiatu chenyewe kilibaki kimenasa. Binti akaanguka upande wa kulia, katikati ya barabara, na bodaboda iliyokuwa nyuma yake ikampita kichwani kwa umbali wa mkono mmoja.

Alichubuka bega na kuteguka kiganja. Zaidi ya hayo hakuumia. Lakini koplo, ambaye kazini alikuwa ameokota watu wengi barabarani, aliijua barabara ile. Jioni aliifunga baiskeli kwa mnyororo na kufuli nyuma ya nyumba, akautia ufunguo mfukoni.

"Mwisho leo," alisema. "Daktari alikupa mguu wa kutembea. Hakukupa wa kuchezea."

"Mguu haukukosa, baba," binti akamjibu. "Kiatu ndicho kilichokosa."

Koplo hakumjibu. Usiku ule mama hakulala. Kwani alijua ni nani aliyeishindilia ile pamba.

Namba ya katikati

Siku ya tatu mama alimchukua binti wakaenda duka moja la mjini. Kwa mara ya kwanza alisema mbele ya mtu mgeni kwamba mwanawe ana miguu isiyolingana, naye alisema kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri deni. Muuzaji hakushtuka. Akatoa jawabu ambalo kwa masikio ni la haki kabisa: "Kati ya 37 na 39 ipo 38, mama. Chukua hiyo."

Binti alivaa namba 38, akaketi juu ya baiskeli iliyokuwa imesimamishwa dukani kwa ajili ya majaribio. Haikupita nusu saa, vidole vya mguu wa kushoto vilivyokunjwa vikaanza kufa ganzi. Mguu wa kulia, kwa upande wake, uliendelea kuogelea. Namba ya katikati haikuuridhisha mguu hata mmoja: mkubwa uliumia, na mdogo haukushikwa.

Makosa ya namna hii hayapatikani katika viatu peke yake. Mara nyingi katika nyumba wazazi hugawa sawa kwa sawa, wakadhani wamegawa kwa haki: chakula kilekile kwa mtoto wa miaka mitano na wa miaka kumi na mitano, kazi ileile kwa mzima na kwa aliyetoka kitandani jana. Kugawa sawa ni kazi nyepesi, kwani haihitaji kumtazama mtu. Kumpimia kila mmoja ni kazi, lakini ndiyo haki yenyewe.

Mama akamwomba muuzaji amuuzie kiatu cha kushoto cha namba 39 na cha kulia cha namba 37. Muuzaji akatikisa kichwa. "Nikikuuzia hivyo, mama, vile viwili vitakavyobaki nitamwuzia nani?" Naye hakuwa mtu mbaya, alisema ukweli wa biashara yake. Kununua jozi mbili nzima kungaliitia nyumba ya koplo katika deni la miezi. Wakarudi mikono mitupu, lakini swali la muuzaji lilibaki katika kichwa cha mama.

Karatasi na penseli

Katika soko la St. Balikuddembe, ambalo wengi bado huliita Owino, yuko fundi viatu mzee mwenye kibanda kisichozidi upana wa kitanda. Mama aliambiwa habari zake na mjomba. Akamlazimisha koplo naye aende, akisema, "Twende wote, ujionee mwenyewe kabla hujahukumu." Koplo akaenda moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake mwilini.

"Karibu, Afande," fundi alisema. "Mmefika saa nzuri. Mguu hupimwa jioni."

Akaeleza sababu. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, hivyo kiatu kilichopimwa asubuhi huweza kubana jioni. Tena hupimwa mtu akiwa amesimama, kwa kuwa unyayo hutanuka ukibeba uzito wa mwili. Akatandika karatasi sakafuni, kisigino cha binti kikagusa ukuta, akachora ukingo wa mguu kwa penseli iliyosimama wima, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia. Akapima urefu kutoka ukutani hadi kidole kirefu kuliko vyote, kisha upana wa pale nyuma ya vidole. Akaandika sentimita, wala hakuandika namba.

Mama akauliza kwa nini. Fundi akasema kuwa namba husema lugha nyingi. Namba ya Kiingereza huongezeka kwa theluthi moja ya inchi, yaani karibu milimita 8.5, kipimo ambacho asili yake ni urefu wa punje ya shayiri. Namba ya nchi nyingine za Ulaya huongezeka kwa theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Namba 6 ya Waingereza huwa karibu na namba 39 ya Ulaya. Majeshi mengi siku hizi huandika milimita za mguu wenyewe juu ya buti, na hiyo ndiyo lugha isiyodanganya. "Sentimita ni sentimita popote, mama," alisema.

Kisha akageuka. "Na wewe, Afande, vua."

Koplo alicheka, akasema yeye hana taabu. Anavaa namba 43 tangu depo. Mkewe akamtazama. Akavua. Penseli ikapita, karatasi ikapimwa: mguu wa kushoto wa koplo ulizidi wa kulia kwa milimita 8, zaidi ya namba nzima ya Ulaya. Kwa miaka kumi na minane, kila gwaride refu na kila doria ya usiku ilikuwa imemwachia lengelenge kwenye kidole gumba cha kushoto, na kila mara alikuwa ameamini kwamba buti ni jipya na litalainika. Mbaya zaidi, alikuwa amewaambia makuruta waliolalamikia buti zao kwamba mguu wa askari haulalamiki. Aliitazama karatasi ile kwa muda, kisha akaikunja akaitia katika mfuko wa shati, pale pale ulipokuwa ufunguo wa mnyororo.

"Mzee," aliuliza kwa sauti nyingine, "hiki cha mtoto kitengenezwe vipi?"

Kazi ya fundi

Fundi alichukua kiatu cha kulia, akaitoa pamba yote. "Pamba ya mbele inajaza chumba asichokaa mtu," alisema. "Vidole havikuomba kujazwa. Kisigino ndicho kinachotaka kushikwa."

Basi alifanya mambo manne. Kwanza alikata kipande cha kitambaa kizito cha sufu akakishonea chini ya ulimi wa kiatu, ili mguu usukumwe nyuma na chini, ukae kwenye kisigino. Pili alibandika ngozi nyembamba pande mbili za kisigino kwa ndani, zipunguze nafasi ambamo mguu ulikuwa ukizunguka. Tatu aliweka soli ya ndani ya pili, lakini akahakikisha haizidi milimita 3, kwani soli nene mno ingaliinua nyonga ya upande mmoja, na maumivu yangehama kutoka mguuni kwenda mgongoni.

Jambo la nne ndilo ambalo wengi hulisahau. Kliti yafaa ikae karibu na chini ya fundo la kidole gumba, pale unyayo ulipo mpana, ili mguu usukume pedali kwa sehemu yake iliyo imara. Kwa kuwa mguu wa kulia ni mfupi, na sasa umekaa nyuma kwenye kisigino, fundo lake lilikuwa nyuma kwa sentimita moja hivi kuliko lile la kushoto. Hivyo fundi alilegeza skrubu mbili, akairudisha kliti ya kulia nyuma sentimita moja ndani ya mifereji yake, akakaza tena. Ukivitazama viatu hivyo kwa chini, kliti hazilingani, na mtu asiyejua angesema zimefungwa vibaya. Miguu yenyewe ndiyo inayojua kwamba zimefungwa sawa.

Hata hivyo fundi hakuwaahidi miujiza. Alisema kuwa njia hii yafaa kwa tofauti ya namba moja au mbili. Ikizidi hapo, kiatu hubaki jahazi, na hapana budi kutafuta jozi mbili au kumshonesha mtu kiatu chake.

Nyumbani koplo hakuufungua mnyororo siku hiyo. Siku ya pili aliileta baiskeli mbele ya nyumba, akaiegemeza ukutani, akamwamuru binti apande na kujinasua: mguu wa kulia mara hamsini, wa kushoto mara hamsini, kisha yote miwili kwa amri ya ghafula, kama anavyofundishwa kuruta kuishika bunduki. Watoto wa kambi walikusanyika wakihesabu kwa sauti. Kisigino kilipozunguka, kiatu kilizunguka nacho, kila mara. Siku ya nne ya mazoezi hayo koplo aliuacha ufunguo juu ya meza, akaenda zamu bila kusema neno.

Daftari la mama

Lile swali la muuzaji, kwamba viatu vitakavyobaki atauziwa nani, halikumtoka mama. Akakumbuka benchi la kliniki alipokuwa akienda kila wiki kubadilishiwa mtoto plasta. Pale palikuwa na mama ambao watoto wao waliumia mguu wa kulia, na mama ambao watoto wao waliumia wa kushoto. Leo watoto wale wote ni wanafunzi, na kila mmoja, bila shaka, ana kiatu kilichojazwa pamba.

Akanunua daftari la shule. Akarudi katika kliniki ile siku ya wagonjwa, akaketi kwenye benchi lilelile, na safari hii hakusema kwa sauti ya chini. Kwa kila mama aliyekubali aliandika mambo matatu: mguu upi ni mdogo, sentimita za kila mguu, na namba ya simu. Mwezi wa kwanza alipata majina sita. Hakuna hata mmoja aliyelingana na binti yake. Lakini wawili walilingana wao kwa wao: mvulana wa mwanajeshi, aliyehitaji namba 33 kushoto na 31 kulia, na msichana wa mwuza mboga, aliyehitaji kinyume chake. Wazazi wao wakaenda dukani pamoja, wakanunua viatu vya shule vyeusi vya aina moja, jozi ya 33 na jozi ya 31. Kila mzazi akalipia jozi moja, watoto wakabadilishana, wala hakikubaki kiatu hata kimoja.

Binti wa koplo bado huendesha kwa kiatu alichotengenezewa. Katika safari yake ya kwanza ndefu, ya kilomita 40, hakuwa wa kwanza kurudi, wala hakuwa wa mwisho. Alirudi bila ganzi. Siku hizo huvaa soksi fupi. Wenzake wa klabu waliuona mguu mwembamba, wakauliza, akawajibu, yakaisha. Mama, ambaye kwa miaka kumi na sita aliogopa swali hilo, alikuwa amesimama hapo hapo na chupa ya maji mkononi.

Kuna mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya bila kungoja maradhi wala ajali. Watoto wapimwe miguu yote miwili jioni, wakiwa wamesimama, walau kila baada ya miezi michache, maana mguu wa mtoto haungoji muhula uishe. Kiatu kinunuliwe kwa kuufuata mguu ulio mkubwa, kisha mdogo utengenezewe mahali pake kuanzia kisiginoni. Mtoto mchanga akionekana ana mguu uliopinda, apelekwe kliniki katika wiki zake za kwanza, wakati mguu ungali laini. Na wakubwa wa kazi wanaogawa buti, pindi kuruta anaposema kwamba kiatu kinamwumiza, wampime kabla ya kumkemea. Koplo aliomba stoo wampe namba 44, akaweka kitambaa cha sufu chini ya ulimi wa buti la kulia. Lengelenge lililofuatana naye kwa miaka kumi na minane lilipona kabla ya mwezi kwisha, naye sasa, makuruta wanapofika, huwa na karatasi na penseli mezani pake.